Maswali Kabla ya Dawa

Jumamosi, 4 Mei
Kidonda kichwani! Juu ya sikio la kushoto, nyuzi nne, nywele zimenyolewa kiduara. Mume wangu karudi amevaa kofia – huyu ambaye havai kofia hata jua likichoma. Ati kagonga mlango wa kabati kazini. Kabati gani la nyuzi nne? Nilipouliza, akasema njaa inamuuma. Nikampakulia chakula. Mjinga mimi.

Jumanne, 7 Mei
Dukani nimekata lenzi mbili za miwani vibaya, zote za mteja mmoja. Bosi kauliza kama na mimi nahitaji kupimwa macho. Macho ninayo! Ndiyo yaliyoona meseji ya Mtangulizi kwenye simu ya mume wangu. Mtangulizi – ndivyo ninavyomwita mke wake wa kwanza, waliachana miaka tisa iliyopita. Anauliza, kichwa kinaendeleaje?
Kinamhusu nini? Wana binti mmoja, sawa, aulizie mambo ya binti.
Nimefua shuka ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 9 Mei
Kakiri, nusunusu. Alikwenda kumtengenezea Mtangulizi umeme wa jikoni, nyaya zilikuwa hatari kwa mtoto. Mtoto ana miaka kumi na saba! Akateleza kwenye ngazi, basi, hakuna zaidi. Nimeuliza alikaa huko muda gani. Anasema nisianze.
Fundi umeme mzima, na balbu ya bafu letu imeungua tangu Februari. Mganga hajigangi, sawa. Lakini huyu, wa kwingine anawaganga vizuri sana.
Ndiyo, nina wivu. Nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatatu, 13 Mei
Hospitali. Benchi la korido. Naandika ili mikono ipate kazi.
Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu, mara kaketi sakafuni. Kifua, akasema, kinabana. Jasho, uso rangi ya majivu. Jirani katuleta na gari lake.
Wamembandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari yake. Daktari – kijana, mpole – kanieleza taratibu. Mshipa wa moyo umezibwa na damu iliyoganda. Ipo dawa ya kuyeyusha hilo bonge, na kila dakika inayopita moyo unakufa kidogo. Hospitali ya kuzibua mshipa kwa mrija iko mwendo wa saa nne kutoka hapa. Lakini dawa hii haichagui. Kama kichwani kuna jeraha, damu inaweza kuvuja huko, na ikivuja inaua. Ndiyo maana kwanza kuna maswali.
Nesi akashika fomu. Aliwahi kupata kiharusi? Hapana. Vidonda vya tumbo? Hapana. Upasuaji wa karibuni? Hapana. Nilijibu haraka haraka, kifua mbele. Nani anamjua kuliko mimi!
Ameumia kichwa miezi hii mitatu?
Daktari alikwisha kukiona kidonda. Alizimia? Alitapika? Alipimwa wapi? Mume wangu alikuwa amelegea kwa sindano ya maumivu, anajibu kidogo, sikumbuki, niacheni. Wote wakanigeukia mimi. Na mimi sijui! Sikuwepo. Hapo ndipo palipouma.
Nikampigia Mtangulizi. Namba yake naijua kwa moyo, nimeichungulia mara nyingi mno. Nikasema, "Dada, naomba unisaidie." Dada! Mdomo wangu huu huu.
Kafika baada ya dakika kumi na tano na bahasha. Siku ile ile ya ngazi alimpeleka kupigwa picha ya kichwa. Hakuzimia hata kidogo. Ripoti inasema hakuna damu iliyovujia ndani. Bahasha haina hata kunjo moja. Nimefurahi, Mungu anajua nimefurahi – na nimetamani kumpokonya, nimpe daktari kwa mkono wangu.
Daktari kasoma, kampigia mkubwa wake, kaniambia hatari haijaisha ila moyo hausubiri. Nikasaini. Anayesaini ni mke. Hilo walau ni langu.
Saa nne na dakika kumi, dawa imeingia.

Bado Jumatatu, benchi lile lile
Tumekaa wawili, mkoba wake katikati. Kaninunulia maji. Kunywa, mdogo wangu, kasema, hujatia kitu tumboni. Nimekunywa. Kasema alimsihi siku ile ile aje aniambie ukweli, mume wangu hakutaka, ati nitawasha moto. Kweli ningewasha.
Kila dakika kumi na tano nesi anamwuliza: jina lako nani, leo siku gani, uko wapi. Akianza kuchanganya, huenda damu inavuja kichwani. Mara tatu kapatia. Kifua kimeacha kubana, na daktari anasema mistari kwenye karatasi inashuka vizuri. Nimemshika Mtangulizi mkono bila kukusudia, nikauachia.

Saa tano na nusu
Nesi katoka. Safari hii aliongeza swali: mke wako anaitwa nani? Kataja jina. Nesi ananiuliza, ndilo lako?
Si langu. Ni la aliyekaa pembeni yangu.
Mtangulizi kajishika mdomo. Daktari kaja mbio. Je, nyumbani huwa anakosea hivyo? Niseme kweli, kila kitu kinategemea hilo.
Kweli! Miaka sita nimetega sikio nikingoja jina hilo limtoke. Mezani, kwenye simu, usingizini. Nimewahi kujifanya nimelala ili nilisikie.
Nikamjibu: hajawahi. Hata mara moja.
Wamemtoa mbio na kitanda, wanampeleka kupigwa picha ya kichwa. Kapita mbele yetu, macho yamefumba. Mtangulizi analia. Mimi siwezi. Ee Mungu, iwe anampenda. Iwe ni hilo tu, isiwe damu.