Kiburu Ulichotuletea Getini

Mama, shikamoo.

Sisi wapakia mizigo wa uwanja wa ndege ni wazima. Juzi tulifanyiwa semina kwa sababu kazi inasuasua. Mtaalamu akasema tumekosa motisha. Kumbe ilikuwa njaa. Tulipokula kiburu chako cha ndizi na maharage jana, ndege ya mchana ilipakuliwa upesi mpaka bosi akauliza, "Yule mama ntilie anaweza kuja kila siku?"

Mama, mlinzi wa getini aliponiuliza wewe ni nani kwangu, niliona wenzangu wanaitazama kanga yako iliyopauka. Nikasema unauza chakula. Ulinisikia, ukanikabidhi sufuria ukasema, "Karibu tena, mteja."

Sufuria nimeiosha. Wenzangu wanauliza tuirudishe kwa nani.

Mwanao, ukiniruhusu kujiita hivyo,
Elirehema