Chai Niliyoimwaga

Baba watoto,

Wali uko kwenye sufuria, uupashe moto mchana. Nguo ziko kambani, mvua ikianza uzianue. Mlango wa nyuma uvute kwako kwanza, ndipo uzungushe ufunguo.

Na ndiyo, ile chai uliyonitengea asubuhi nimeimwaga kwenye sinki. Nilikuona ukiikorogea dawa yangu ya kiungulia, tena kwa kunyata kama mwizi! Najua umechoka kunisikia nikiugulia usiku. Lakini nilishakueleza: daktari alinikataza dawa hiyo wiki mbili kabla ya kipimo cha pumzi, maana inawaficha bakteria wa tumboni. Na leo sikutakiwa kutia chochote mdomoni. Nilipokuuliza, ukawageukia watoto: "Mama yenu hana bakteria, ana hasira." Wakacheka wote, hadi yule mdogo asiyeelewa kitu.

Haya, nimekwenda hospitali. Nitakunywa hicho kinywaji chao, nitapuliza pumzi kwenye kimfuko, wapime wenyewe.

~~Nitawahi kurudi nipike cha jioni.~~ Cha jioni pika wewe.

Wakiwakuta hao bakteria, nitameza dawa zote mpaka ziishe, na wewe utaniomba radhi mbele ya watoto walewale. Wasipowakuta, basi ulisema kweli, ni hasira. Hapo tutarudi kwa daktari pamoja, aanze kumtibu anayenitia hizo hasira.

Mama watoto