Kwa Nini Nilipita Mafinga Bila Kushuka

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Baridi ya huko mnaionaje mwaka huu? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anapanda ngazi za kanisani kwa kushikilia ukuta? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanitesa. Natembea na kitambaa cha jasho mfukoni kama mzee.

Baba, najua Shangazi Tulia ameshakuambia. Aliniona dirishani mwa basi pale stendi ya Mafinga, akanipungia mkono, nami nikainamisha kichwa nikajifanya nimelala. Ni kweli, nilikuwa mimi. Nilikuwa naelekea Igawa kwa kazi ya chuo, nikapita nyumbani bila kushuka. Siku ile nisingeweza kukueleza sababu. Sasa naweza.

Likizo iliyopita ulirudi kutoka kiwanda cha mbao, ukakaa, ukaniuliza taratibu kabisa: "Ezekia, huu mwaka wa tatu unasoma kuchora. Kuchora kunamsaidia nani?" Nikakujibu kwa ukali kwamba si kuchora tu, ni usanifu wa michoro, ni shahada kamili ya sanaa, na kwamba wewe huwezi kuelewa. Mama aliacha kupepeta mchele akaniangalia. Kesho yake nikaondoka bila kukuaga. Hukunitukana, Baba. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu, na bila jibu niliona aibu kushuka Mafinga.

Basi sikiliza kilichonipata Igawa.

Chuoni tulipewa kazi ya kutengeneza lebo ya dawa ya kuua magugu kwenye mpunga, ibandikwe kwenye chupa za duka moja la pembejeo. Wateja wengi pale hawasomi maandishi, kwa hiyo picha ndizo zieleze kila kitu. Niliitengeneza kwenye kompyuta, ikatoka safi sana. Niliweka kikombe cha kupimia dawa. Nikaweka mtoto aliyepitishiwa mstari mwekundu mwilini, maana yake asiguse. Mwisho mtu aliyelala chini, maana yake sumu inaua. Wenzangu darasani waliisifu. Mwalimu Rehema, anayetufundisha usanifu, hakusifu wala hakukosoa. Alisema tu, "Nenda nayo Igawa, uwaonyeshe watakaoitumia."

Wa kwanza kuingia dukani alikuwa Mama Kulwa, mama wa Kisukuma. Familia yao ilihamia Usangu na ng'ombe miaka mingi iliyopita, na siku hizi wanalima mpunga pia. Nikamwomba aniambie karatasi yangu inasema nini. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kuangalia kazi yangu.

"Hapa unamimina kwenye kikombe," alisema. "Hapa ni mtoto, amefungwa mbeleko, anaumwa. Na hapa ameshakunywa, amelala vizuri." Akainua macho. "Ni dawa ya homa, eti? Basi nipe. Mjukuu wangu anachemka tangu jana."

Mwenye duka alicheka. Mimi nikamkatiza.

"Hapana, mama. Hii ni sumu ya magugu."

Hakuona aibu hata kidogo. Alinirudishia karatasi akaniuliza, "Sasa mbona hukuchora magugu?"

Siku ile niliwaonyesha watu wengine tisa, na watatu kati yao waliisoma kama yeye. Nikampigia simu Mwalimu Rehema, nikalalamika kwamba watu wa huku hawajui kusoma picha. Akasema, "Wamesoma, Ezekia. Wamesoma ulichochora."

Nilitakiwa kukaa Igawa siku mbili. Nilikaa wiki mbili. Mwenye duka alinipa pa kulala, na Mama Kulwa akaniruhusu niende kwake na madaftari yangu. Siku ya kwanza tu nikaona chupa tupu ya dawa ileile ya magugu imeoshwa, imejazwa maziwa. Nikamwuliza.

"Chupa nzuri hii," alisema. "Mfuniko wake haumwagi."

Nikamweleza kwamba sumu haiishi kwa kuoshwa. Aliwatazama wajukuu wake. Kisha akaingia ndani, akatoka na msumari na jiwe, akaitoboa ile chupa palepale. Maziwa yakatumwagikia miguuni.

"Chora hivi," akasema.

Tukaanza upya, kwa penseli. Mimi nachora, yeye anakataa. Mkono wa mtu anayekataza haukai namna hii. Mwanamke anayepulizia dawa shambani hafungi kanga namna ile. Ule mstari mwekundu aliufuta kabisa, akataka nichore mama anayemsukuma mtoto nyuma kwa kiganja. Lebo ya sasa inaanza na magugu yaliyonyauka katikati ya mpunga mbichi, inaishia na msumari unaotoboa chupa. Niliipeleka kwa watu wengine ambao hawakuiona ile ya mwanzo. Hakuna aliyetaja homa.

Wakati wa kurudi nilipita tena Mafinga, safari hii kwa sababu siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imepita. Nikapunguziwa alama kwa kuchelewa, na mwalimu mmoja akasema michoro yangu ni kama ya ubaoni shule ya msingi. Iliniuma kidogo, nisikufiche. Lakini lebo imebandikwa kwenye chupa za lile duka, na Mama Kulwa amenitumia salamu kwamba mjukuu alipelekwa zahanati akapona.

Baba, naomba unisamehe kwa kupita, na zaidi kwa kusema huwezi kuelewa.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua goti nimempa jirani yetu dereva wa lori. Msalimie Shangazi Tulia, nitamwomba radhi mwenyewe. Mdogo wangu Neema asome kwa bidii, mtihani wa kidato cha nne hauko mbali. Na Babu mwinjilisti asiache kuniombea.

Ndani ya bahasha kuna mchoro mmoja. Kwa kazi yangu ya mwisho ya shahada nimechagua dawa ya kutibia mbao, ile mnayochovyea kwa mikono mitupu pale kiwandani. Usiwaeleze wenzako ni nini. Mpe mmoja mmoja, mwulize anaona nini, uniandikie maneno yake kama alivyoyasema, hata akinicheka. Nyuma ya karatasi nimeacha nafasi. Mstari wa kwanza ni wako, Baba. Niambie pale nilipokosea.

Ni mimi mwanao,
Ezekia