Nilivyomtukana Nuria

Jumanne, 27 Februari 1996

Nimechuma majani chai hadi saa sita, nikanawa, nikaenda kwa Sista pale zahanati ya misheni. Somo la saa moja tu, kama kila Jumanne. Leo Kihispania cha jikoni. Kijiko, sahani, chumvi, moto. Nimekariri njia nzima kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyebeba ndizi akanipisha. Alidhani kichwa changu kimeharibika.

Kinaingia kwa shida. Nina miaka hamsini na nne. Hata kusoma nilijifunzia ngumbaru, watoto wangu wakiwa wakubwa. Kanisani wanasema nimekuwa Mkatoliki kwa sababu ya Sista. Waseme. Kungekuwa na Msabato anayejua Kihispania ningeenda kwake.

Alhamisi, 29 Februari

Mwanangu Omwenga angekuwa hai nisingehangaika hivi. Yeye ndiye alikuwa katikati. Mkewe Pilar anasema, yeye ananigeuzia kwa Kikisii, nacheka, anarudisha. Miaka miwili sasa tangu gari limuue huko Uhispania. Wakamzika huko huko. Bomani hapa hana kaburi.

Nilichobaki nacho ni Pilar, na mtoto wao Nuria wa miaka sita, na simu ya Jumapili ya kwanza ya mwezi. Pilar hajui Kiingereza. Mimi pia. Mwaka mzima wa kujifunza, nimeweza salamu na kuuliza kama wamekula.

Wanataka kuja Agosti. Sista alinisomea barua ya Pilar mara mbili. Mtoto aone alikozaliwa baba yake. Naogopa kufurahi.

Jumamosi, 2 Machi

Sabato. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa napanga maneno ya kesho.

Nimechoka kuongea na mjukuu wangu kama mgeni wa serikali. Habari ya mchana, asante, Mungu akubariki. Nyanya gani huyo? Wajukuu wangu wa hapa nawaita wake wenza. Nawaambia wana sura mbaya, hawajui kupika, wasikanyage kwangu kuninyang'anya mzee. Wao wananijibu meno yangu yamekwisha. Ndivyo tunavyopendana. Mtoto ambaye nyanya yake hajamtania ni kama hana kwao.

Sista siwezi kumuuliza matusi. Ni mtu wa Mungu. Nimeyatafuta mwenyewe kwenye kitabu cha picha alichoniazima. Kuna mwanamke mchawi humo, na mbwa anayefukuzwa mlangoni.

Jumapili, 3 Machi

Simu tunapigiwa kwa Mama Hansa, nyuma ya duka lake la vitambaa mjini. Saa tisa ikalia. "Mama Omwenga, kimbia! Hiyo ni Spain, siyo Keumbu hapa jirani!" Nikakimbia. Pilar akasalimia, nikasalimia, akampa mtoto. Sauti ndogo kama ya kifaranga. Hola, abuela, hujambo nyanya.

Nikamwambia yote niliyopanga. Wewe mke mwenza, una sura mbaya. Mzee ni wangu. No vengas a mi casa, usije nyumbani kwangu. Nilikuwa nacheka. Nikangoja anijibu.

Halafu kilio. Pilar akashika simu, maneno mengi, mbio, hata moja sikulipata. Ikakatika.

Mama Hansa aliniuliza nimesema nini. Nilipomweleza akashika kichwa. "Arey, Mama Omwenga! Wajukuu wangu wa London nikiwaambia tu wamenenepa, wananuna wiki nzima. Na hao tunaongea lugha moja!"

Nyumbani nimemwambia mzee. Ameweka sahani chini. Amesema, "Umefukuza mgeni kabla hajafika."

Jumatatu, 4 Machi

Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Mtoto hana baba, namwambia asije kwao.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Sista. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Mama, kwetu Uhispania mtoto akiambiwa asije, anaelewa kweli asije." Nililia pale kwenye benchi ya wagonjwa, na watu wakiniona.

Baadaye akaleta karatasi. Nikadhani ataniandikia. Akanipa kalamu. Anasema Pilar auone mwandiko wangu.

Nimeandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba msamaha tu, kama mtu aliyeiba. Nikaichana. Msamaha naomba, lakini nataka ajue pia kwamba halikuwa neno baya moyoni. Nimeandika kwamba kwetu mama mzazi haruhusiwi kumtania mtoto wake, huo ni utovu wa adabu, lakini nyanya lazima. Kwamba mama yangu alimwita Omwenga mume wake, akamwambia masikio yake yanatosha kupeta wimbi kama ungo. Omwenga alikuwa anacheka mpaka anaanguka. Sista akanipa maneno ya Kihispania niliyokosa, akanisahihisha, nikanakili tena. Muda wa saa tatu. Karatasi moja.

Jumapili, 7 Aprili

Simu haikulia.

Nilifika saa nane, nikakaa mpaka Mama Hansa akawasha taa. Hakunifukuza. Ameniletea chai ya tangawizi mara mbili. Kila baada ya muda anainua simu, anaweka sikioni, anarudisha. Mwisho akasema, "Simu ni nzima, mama." Basi nikajua.

Alhamisi, 11 Aprili

Posta hakuna kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Sikwenda kwa Sista. Ya nini?

Jumatano, 24 Aprili

Mzee alikuwa anakandika nyumba ndogo ya Omwenga, wageni wa Agosti walale humo. Kuta tatu amemaliza. Ya nne ameacha, udongo umekauka kwenye karai. Simuulizi. Ananipita uani kama mpita njia tu, si mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na tano.

Nasema ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nina hasira na Pilar. Angeweza kunipigia anitukane. Nina hasira na Omwenga, amekwenda kuoa mbali, akafa, akaniachia lugha. Halafu naona haya. Huyo mwanamke naye alibaki peke yake na mtoto mdogo, na mimi ndiye mama mkwe aliyemliza mwanawe kwa simu.

Nimempoteza Omwenga mara mbili. Hii ya pili ni mimi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimerudi kwa Sista. Hakuuliza nilikuwa wapi. Tumefanya maneno ya hali ya hewa.

Jumapili, 5 Mei

Saa tisa na dakika kumi simu ikalia. Nilikuwa nimeshafunga leso niondoke.

Pilar. Anaongea polepole leo, ananingoja. Barua imefika, ilichelewa. Ameisoma mara nyingi. Akataja masikio ya Omwenga, akacheka, halafu nadhani alilia. Nami nikalia. Tukangojana.

Nuria hataki kuongea. Nikasema sawa. Yuko mezani, anakula. Nikamwomba Pilar aiweke simu hapo, karibu naye. Akaiweka.

Matusi nilimeza, salamu pia nilimeza. Nikasikia kijiko. Nikasikia akipuliza supu. Anavuta pua, anakula haraka. Muda mrefu, kijiko tu. Mama Hansa akaninong'oneza, "Wanasema nini?" Nikamwambia anakula. Akavuta kiti, naye akatega sikio.

Halafu mtoto akasema más. Hilo nalijua. Bado hajashiba. Nikasikia akiongezewa.

Pilar aliporudi kwenye simu aliuliza kama Agosti huku kuna baridi. Nikasema ndiyo, baridi, na mvua nyingi. Halafu nikaogopa wataghairi. Nikasema kidogo. Kidogo tu.