Jiwe la Mlangoni kwa Mama

Dada yangu mpendwa,

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimelianza hata kabla sijakusalimu. Basi nikusalimu kwanza. Hujambo? Masomo ya uuguzi yanakwendaje? Huku tu wazima, isipokuwa mama na uvimbe wake wa tumboni, na mimi ninayegeukageuka kitandani kama nimelalia kunguni.

Ulisikia kwamba mimi na baba tulipanda mlima mtakatifu kumwombea. Desturi yake unaijua: jiwe huchukuliwa mlangoni kwa mgonjwa, halitoki mkononi mpaka kileleni, na ukishapita kibanda cha mwisho hakuna kusema. Baba alinitania kwamba hatimaye mimi mkimya nimepata mlima wangu. Lakini magoti yake yaligoma pale kibandani, akanikabidhi jiwe, nikaendelea na kiongozi wetu.

Dada, sikulifikisha. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, likaniponyoka. Nililisikia likigonga mwamba mara tatu, kisha basi. Kiongozi alikuwa mbele, hakuona. Kileleni niliokota jiwe lolote nikaliweka kwenye rundo la mawe ya wagonjwa. Niliposhuka baba aliuliza kama nimeliweka, nikatikisa kichwa kukubali. Unajua nilivyo, kutikisa kichwa hakunigharimu kitu.

Sasa kila jioni mama ananiuliza lilikaaje. Nimemwambia limeelekea paa letu, na jua lilikuwa likiliwakia. Ukungu ule, hata viatu vyangu sikuviona! Mwalimu wa Kiingereza hudai sina maneno. Angekuja kunisikiliza sebuleni.

Ningevumilia. Ila jana mama alikunja barua ya hospitali, ile ya upasuaji wa Jumatatu, akaisukuma ndani ya droo ya vijiko. Baba alimbembeleza hadi sauti ikamkauka. Mama akamjibu kwa upole, “Jiwe langu limefika. Kisu cha nini tena?” Kisha akanitazama mimi, akatabasamu.

Nilianza kukuandikia ili umwambie wewe, maana wewe anakusikiliza. Nimefika hapa ndipo nimepiga hesabu: barua hii itakufikia Alhamisi, Jumatatu imeshapita.

Mara mbili nimeificha chini ya atlasi mama aliponipitia. Nasikia tena ndala zake ukumbini, anaburuta ile ya kushoto. Atlasi nimeirudisha rafuni. Karatasi iko mezani, na kiti cha pili nimekivuta karibu.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Uniombee, anabisha hodi.

Mdogo wako,
Bubu