Kamera Niliyosema Imekufa

Jumatatu, 2 Juni

Nimefika. Chumba cha wageni kisafi, ila kitanda kinalia kila nikijigeuza. Kesho naanza kukagua lifti za hospitali. Wiki tatu huku, na Baba nyumbani peke yake. Ndiyo maana ya ile kamera. Wezi walipotuibia mtungi wa gesi, nikasema sisafiri tena bila jicho pale barazani. Baba akasema macho yake yapo. Nikamwambia yanasinzia kila akishakula. Akacheka, akaniacha niifunge.

Simu imelia njia nzima: "Mtu ameonekana." Nafungua — mjusi! "Mtu ameonekana." Taulo kwenye kamba. Mjusi tena, na amenona kweli.

Jumanne, 3 Juni

Leo kimya. Kamera haipo hewani. Nimempigia Baba, tukachunguza pamoja, yeye miguu, mimi mdomo. Kumbe ruta ya intaneti ameifungia kabatini! Eti taa zake zinamkonyeza, hapati usingizi. Nimembembeleza airudishe dirishani. Ameirudisha huku ananung'unika. Nikamwambia aizime, aiwashe. Akaizima, akaiwasha. Wapi!

"Basi Baba, iache. Imekufa. Nitaiangalia nikirudi."

"Pole yake," akasema, kama tunazungumzia mgonjwa. Sauti yake haikuwa na masikitiko hata chembe.

Alhamisi, 5 Juni

Siwezi kuacha kitu kibovu bila kujua kwa nini. Lifti ikigoma sigombani nayo, nauliza ilikuwa inafanya nini kabla ya kugoma. Basi mchana nikampigia fundi aliyetuuzia kamera. Huyu bwana anatafuna karanga wakati wote wa maongezi.

"Dada, ruta yako ina mitandao miwili. Kamera inaujua mmoja tu. Mlipozima na kuwasha, ruta ikaipeleka kwingine. Ingia kwenye ruta kwa simu yako, uzime ule wa pili."

Nikauzima. Nikangoja. Na picha ikaja! Baraza, mkeka, viti viwili. Nilipiga makofi peke yangu kwenye ngazi za hospitali, nesi akanitazama kwa huruma.

Nilikuwa naitafuta namba ya Baba nimpe habari njema, arifa ikaingia. Mtu ameonekana. Ni yeye mwenyewe. Amevuta kiti mpaka mbele ya kamera, ameketi, mikono magotini. Anaitazama. Kisha anasema:

"Mwanangu, kwanza usinikatize. Nina jambo —"

Video ikaisha. Sekunde kumi tu! Halafu kamera inapumzika, kutunza betri.

Jambo gani? Jioni nimempigia. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Kuna jipya? Hakuna. Haya. Akakata, kama kawaida yake. Kwa simu Baba ni mtu wa maneno sita. Sikumwambia kamera imepona. Nilikusudia kumwambia.

Ijumaa, 6 Juni

Video nyingine leo, wakati uleule wa jana. Shati limepigwa pasi.

"Hii nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Wewe na safari zako, kaka yako na familia yake. Sasa mimi nimeamua —"

Kwisha! Karibu niitupe simu.

Nikampelekea Kaka maneno hayo tu, bila video. Akajibu papo hapo: anauza nyumba, nilijua, nani amemshauri? Kaka hajawahi kujiuliza swali ambalo hana jibu lake tayari. Lakini nimelala nalo hilo neno. Auze? Chumba changu kimo mle. Maisha yangu yote yamo mle.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwelewa. Baba anafanya mazoezi! Nilimwambia mwenyewe kamera imekufa, na yeye anaamini kila ninachosema kuhusu mitambo. Kwa hiyo ameona afadhali kile kioo cheusi cha kamera: ni kama mimi ninamtazama, ila hakijibu. Miaka yote ile ya ukinyozi aliongea na watu kwa kupitia kioo. Wateja walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia wake zao, naye akawajibu kiooni, wembe mkononi. Ana kwa ana hawezi. Kwa simu ndiyo kabisa.

Nimetaka kucheka, nikaona aibu. Nikimwambia kamera inaona, ataacha. Nisipomwambia, mimi ni mdukuzi wa baba yangu mzazi. Lakini nataka kujua! Nataka kujua mpaka nakuna viganja.

Fundi, katikati ya karanga: "Unaweza kuongeza urefu wa video, dada. Ila betri itakwenda mbio. Nani ataichaji, kama mzee hataki kushughulika nayo?"

Nikaongeza. Nusu dakika.

Jumatatu, 9 Juni

Nusu dakika nzima, na bado! Alikaa. Akafungua mdomo. Akafunga. Akainuka, akatoka kwenye picha, akarudi, akakaa upya kama ndiyo kwanza anaingia. "Mwanangu. Hapana. Mama — hapana, siyo hivyo." Akajicheka, akajifuta uso kwa kiganja.

Sijawahi kumwona Baba akiogopa. Na anayemwogopa ni mimi.

Kaka kauliza kama nimemjua dalali wa Baba ni nani. Sijamjibu.

Jumatano, 11 Juni

Betri iko asilimia tisa. Nimeweka video ndefu kuliko zote, liwalo na liwe.

Amekuja. Safari hii hakukaa. Amesimama nyuma ya kiti, mikono kwenye egemeo, kama alivyokuwa akisimama nyuma ya wateja. Na maneno yakatoka! Nayaandika nisije nikayageuza:

"Yule mama anayeshona mapazia, mtaa wa nyuma. Unamfahamu. Nilikwenda kupima dirisha tu. Nikaenda tena, na dirisha lilikuwa limeshapimwa. Mwanangu, nataka kumwoa. Mama yako sijamsahau, na huyu hajaniomba nimsahau. Lakini nyumba hii wewe ndiye unayekaa nami. Ukisema hapana, sitakuuliza sababu. Nitamwambia mwenyewe yaishe."

Halafu akakipangusa kile kiti kwa mkono, taratibu, akaingia ndani.

Nimeumia. Nisiseme uongo humu, nimeumia. Nimemwona marehemu Mama kwenye kile kiti kingine, akimenya njegere. Na wakati huohuo nimefurahi hadi nimelia. Alikwenda kupima dirisha lililokwisha kupimwa! Baba yangu!

Sijamwambia Kaka. Yeye atauliza tu nyumba itakuwa ya nani.

Alhamisi, 12 Juni

Leo asubuhi ujumbe, herufi kubwa zote: UNA NAFASI SAA KUMI NITAPIGA. Baba hapigi. Baba hupigiwa.

Nimejibu: Piga, Baba.

Nimerudi chumbani mapema. Nimejaribu kushangaa mbele ya kioo cha bafuni. "Nani huyo, Baba?" Hapana, kama mwigizaji. "Eh! Kweli?" Mbaya zaidi. Nimekuwa kama yeye sasa, naongea na kioo. Na hata nikipata sauti ya kushangaa, baada yake nitasema nini? Ndiyo ninayo, naihisi imekaa hapa kooni. Lakini hapana nayo imo, ndogo, imejibanza palepale.

Nimefungua picha ya baraza kwenye kompyuta ya kazi. Betri asilimia mbili. Ametoka na simu. Anabonyeza kwa kidole kimoja. Hayuko peke yake! Yule mama amesimama mlangoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, vidole amevifumbata. Hasogei mbele, harudi ndani.

Inaita. Nimepokea. Naandika simu ikiwa begani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Na wewe je?"

Kwenye picha amegeuka, anamtazama yule mama. Naye anatikisa kichwa: usiseme. Baba anavuta pumzi, naisikia sikioni kabla ya kuiona. Ananyoosha mkono kuelekea mlangoni, na betri imekwisha, picha imeganda hapohapo. Mkono hewani. Sijui kama yule mama ameushika.

"Baba?"

"Nipo. Tuko wawili hapa, mwanangu."