Orodha ya Boti

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mto umeanza kujaa, kwa hiyo juzi kamati ya maafa ilipita nyumba kwa nyumba. Katibu aliandika idadi ya watu kila mlango, maana mafuriko yakija, boti haiondoki mlangoni kwako mpaka hesabu itimie. Filimbi ikilia mara tatu, unabeba mfuko wako unatoka. Wangu una dawa za presha, tochi na hati ya kiwanja. Utakuja kabla ya mvua kubwa? Kitanda chako nimekitandika.

Mama yako

21 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na magoti. Mimi mzima, ila karakana imetubana na msimamizi hatoi ruhusa. Nitajitahidi mwezi ujao. Filimbi ikilia, toka hapo hapo. Nakujua wewe, utarudi kufuata sufuria. Nakuomba usirudi.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwenye dawati la darasa la tatu, ndiyo nyumba yetu sasa. Maji yaliingia Jumanne asubuhi. Nilitoka, na sufuria sikuzigusa, usinisingizie. Boti ikaja, nikapanda, lakini nahodha akasoma orodha, akasema nyumba hii ina watu wawili. Akashuka kwenye maji, yakamfika kifuani, akaingia chumbani kwako kukuita. Mwanangu, nilinyamaza. Niliona haya mbele ya majirani. Ukuta wa jikoni ulipoanguka ndipo nikasema, "Toka, baba. Hayumo. Huu ni mwaka wa sita hajafika nyumbani."

Alitoka na jeraha mguuni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilimwambia katibu wawili kwa sababu kutamka mmoja kulinishinda. Nusura niue mtoto wa watu. Mwanzoni mwa mwezi ujao orodha inaandikwa upya. Niambie, nitaje wangapi?

Mama yako

2 Juni

Mwanangu,

U mzima? Mimi nimerudi nyumbani, tope nimelitoa lote. Kila siku ya posta nilikwenda kuulizia barua yako, nikarudi mikono mitupu. Leo katibu amepita. Nilimchelewesha kwa chai, nikamwongeza kikombe cha pili, akaniuliza tena. Nimemwambia mmoja.

Ukija, pitia kwake kwanza akuandike.

Mama yako